Tishu ya akiba isivishwe gauni la bibi arusi

Hebu nikuulize, mpenzi msomaji, swali ambalo sidhani umewahi kuulizwa na mtu mzima mwenye heshima zake: tishu ya akiba nyumbani kwako inakaa wapi? Sisemi ile iliyoko ukutani, iliyobakiza mizunguko miwili mitatu. Nasema ile ya pili. Ile itakayotakiwa saa ambayo mgeni wako ameketi mle ndani, mlango ameufunga, na mkono wake umegusa kile kijibomba cha karatasi ngumu kisichomfaa mtu kwa lolote.

Ukicheka nitakusamehe, kwa maana hata mimi nilikuwa nikicheka kabla ya safari ya Taru.

Shemeji yangu alikuwa akimwoza binti yake. Shemeji huyu amefanya kazi ya kutandika vyumba katika hoteli za Diani kwa miaka mingi, akajinyima, akajenga nyumba ya mawe kwao Taru, ukipita Mariakani na Samburu kabla hujafika Mackinnon Road. Nyumba ni nzuri, nami sina kijicho. Kilichotushangaza wageni ni msala. Vigae vyeupe hadi dirishani, choo cha kuvuta, kioo cha duara, na juu ya tangi la choo ameketishwa mwanasesere wa kufuma kwa uzi, bibi arusi mwenye gauni pana la waridi lililotanda kama mwavuli. Karatasi iliyokuwa ukutani ilikuwa imekunjwa ncha yake pembetatu, kama wafanyavyo hotelini. Wanawake waliingia wawili wawili kutazama tu, kisha wakatoka wakinong'ona.

Siku ya pili mfereji ulikauka. Kwa Taru hilo si jambo la kuandikiwa gazeti. Punda walirudi na mitungi, na mitungi yote ikapelekwa jikoni kwa kuwa pilau haipikwi kwa mate. Msalani hapakuachwa hata kopo moja la maji. Nyumba ilikuwa na wageni wasiopungua thelathini, na ile karatasi ya pembetatu haikufika adhuhuri.

Shangazi yangu, bi mkubwa wa miaka sabini na ushei aliyetoka Msambweni, aliingia mle baada ya chakula cha mchana. Alikaa. Tukamwita, akajibu kwamba yu salama. Alipotoka hakuwa na leso yake moja, nasi hatukumwuliza. Tangu saa hiyo hakula na, lililo baya zaidi, hakunywa. Kila alipoletewa chai alisema ameshiba. Kila alipoletewa maji alisema hana kiu, katika joto la kaskazi la Taru! Shangazi ana kisukari na humeza dawa za shinikizo la damu. Kesho yake jioni alikuwa akisema maneno yasiyoungana, midomo imemkauka, tukambeba hadi zahanati akatundikiwa chupa mbili za maji.

Na karatasi ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya gauni la mwanasesere, nzima, haijafunguliwa, umbali wa mkono mmoja kutoka pale alipokuwa ameketi. Shemeji alipoinua lile gauni kutuonyesha, machozi yalimtoka. Lakini nani kati yetu angethubutu kumfunua bibi arusi wa watu?

Mimi si daktari, na ukurasa huu una madaktari wake. Lakini muuguzi aliyempokea shangazi alituambia jambo ambalo tangu hapo nimekuwa nikiliona kila mahali. Mtu akiogopa choo, la kwanza afanyalo ni kujinyima maji. Hufanya hivyo abiria wa kike wa mabasi ya usiku ya Mombasa na Nairobi. Hufanya hivyo wasichana shuleni, ambao hukaa tangu asubuhi hadi alasiri bila tone kwa sababu vyoo havifai. Hufanya hivyo mkwe aliyekuja kutembelea wakwe. Kijana mwenye afya huenda akapata kichwa kuuma na mkojo mzito, siku zikapita. Akizoea, atafunga choo, na bawasiri haziko mbali. Mwanamke ataanza kuungua anapokojoa, kwa sababu kibofu kisichosafishwa na mkojo wa mara kwa mara ni kiota cha vijidudu.

Kwa mzee mambo ni mengine kabisa. Hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyoongezeka, kwa hiyo mwili wake haumsumbui kumkumbusha. Sukari ikipanda, figo hutoa maji mengi zaidi kwa njia ya mkojo. Na miongoni mwa dawa za shinikizo la damu zimo zile ambazo kazi yake hasa ni kukamua maji mwilini. Yote matatu yalikuwa juu ya shangazi yangu siku ile. Lililomfikisha zahanati lilikuwa haya yake mwenyewe, na haya hiyo ilianzia kwenye karatasi aliyoshindwa kuipata.

Ndiyo maana naliandika hili katika ukurasa wa afya badala ya kuliacha kwa wale wanaoandika juu ya mapazia na makochi.

Tuanze na shemeji, maana yeye ni mwalimu mzuri bila kujua. Pembetatu ile ya ncha ya karatasi aliichukua hotelini. Kule ina maana yake: humwambia mgeni kwamba chumba kimeshughulikiwa na hakuna aliyekitumia baada ya kusafishwa. Lakini hoteli ile ile inayokunja pembetatu, kwa kawaida huweka pia tishu ya pili mahali ambapo mgeni ataiona bila kuuliza: juu ya tangi, kwenye kibao, au kwenye chuma cha pili kando ya cha kwanza. Shemeji aliikunja pembetatu hiyo kila siku kwa miaka, na alipofika kwake akaikumbuka pembetatu akaisahau tishu ya pili. Tuko wengi namna hii. Tunaiga kwa matajiri kile kinachong'aa, na kile kinachofanya kazi tunakiacha huko huko.

Sasa kuna watakaoniambia: Bwana wee, sisi watu wa pwani tuna kopo letu, karatasi ya nini? Waama, hoja hiyo naiheshimu, na kwa upande wa usafi niko pamoja nao. Maji husafisha kuliko karatasi. Mwaka 851 kilikusanywa kwa Kiarabu kitabu cha habari za Uchina na Bara Hindi, kutokana na maelezo ya wafanyabiashara waliosafiri hadi huko, na mojawapo ya mambo yaliyowashangaza ni kwamba Wachina hawakujiosha kwa maji baada ya haja, bali walijifuta kwa karatasi. Miaka zaidi ya elfu moja na mia imepita, na ukikaa barazani Msambweni utasikia mshangao huo huo ukitolewa juu ya watalii wa Diani.

Lakini hata wale wanaofuata istinja wanajua kwamba pasipo maji, mawe matatu au kitu kingine kikavu kisafi kimeruhusiwa. Na Taru ndiko hasa pasipo maji. Nyika ya Taru ilikuwa tisho la misafara tangu zamani. Wasafiri walitegemea maji ya mvua yaliyobaki katika mashimo ya miamba, na Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 aliyaeleza mashimo hayo katika kitabu chake. Reli ilipojengwa kuanzia mwaka 1896, wajenzi walilazimika kuletewa maji kwa treni katika nyika hiyo. Kisha likaja bomba kubwa la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, linalopeleka Mombasa maji ya chemchemi za Tsavo umbali wa zaidi ya kilomita 200 likikatiza ukanda huu huu. Wenyeji wengi wa Kinango wangali wanategemea malambo na migongo ya punda, na ukame wa mwaka 2022 ulipokausha malambo, hata punda walikufa.

Fanya hesabu nami. Choo cha kuvuta cha siku hizi humeza kati ya lita 6 na 9 kila unapovuta. Vya zamani humeza zaidi. Mtungi wa kawaida ni lita 20. Yaani mtungi mzima ulioletwa na punda ni mivuto mitatu ukiwa na bahati. Kujiosha kwa kopo kunahitaji lita moja, au pungufu. Kwa hiyo nyumba ya Taru yenye choo cha kuvuta itakwama mara mbili: maji ya kuvutia hayapo, na yale machache ya kujioshea yametangulia chooni. Ningekuwa mimi shemeji ningechimba choo cha shimo chenye bomba refu la hewa lililozibwa wavu wa kuzuia nzi, kisha marumaru na vioo nikaviweka huko huko. Hilo nilimwambia, akaninunia, akasema nataka arudi alikotoka. Basi tuliache.

Ninachotaka kusema ni kwamba karatasi na maji si maadui. Nyumba ya mji inahitaji vyote viwili, kwa kuwa hujui mgeni wako kalelewa vipi wala mfereji utakauka lini. Kule mashambani watu walijua majani laini, na gunzi la mahindi kwa wenye ngozi ngumu. Mijini tulijua magazeti yaliyokatwa mraba mraba na kutungwa kwenye msumari, ikiwa ni pamoja na ukurasa kama huu, na mwandishi hana budi kulimeza hilo. Mchina mmoja mwanachuoni, Yan Zhitui, aliandika katika karne ya 6 kwamba hawezi kutumia chooni karatasi zenye maneno ya wahenga. Bibi yangu hakumsoma Yan Zhitui, lakini alikuwa akizipekua karatasi zetu zote kabla hazijatungwa msumarini, asije akapeleka msalani karatasi yenye jina la Mungu.

Karatasi ya kununuliwa ilianza kama dawa. Mwaka 1857 Joseph Gayetty wa New York aliuza karatasi bapa zilizotiwa shubiri, naam, shubiri hii hii tunayoijua sisi, akidai kwamba zinazuia bawasiri, na jina lake akalipiga chapa juu ya kila karatasi. Sijui kama alilifikiria vizuri jambo hilo. Ile ya kuviringishwa ilienea baada ya mwaka 1890, ndugu wa Scott wa Philadelphia walipoanza kuiuza. Gauni la mwanasesere lilikuja baadaye sana, kutoka kwa watu walioona aibu kwamba karatasi hiyo ionekane na wageni. Na hapa ndipo ninapowashangaa. Wanaona aibu ya nini? Kila anayeingia mle anajua alichofuata.

Sisi aibu hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa na mfuko wa nailoni uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango, na ndani yake tishu mbili. Haukuwa na uzuri wowote, lakini kila mtu aliuona, maji ya kuoga hayakuingia, na mende walishindwa kuupanda. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, msumari ule umebaki mtupu na akiba imehamia sakafuni, au juu ya tangi, au chumbani kwa mama chini ya kitanda, ambako mgeni hawezi kwenda kuitafuta suruali ikiwa mkononi.

Sakafuni hapafai. Katika nyumba nyingi za Ukunda na Msambweni choo na bafu ni chumba kimoja. Mtu huoga kwa ndoo na maji hutapakaa kila pembe. Hewa yenyewe ya pwani ina unyevu wa kutosha. Karatasi iliyonyonya maji machafu ya sakafuni, ikakauka, ikanyonya tena, hupata ukungu na harufu, nawe unaipeleka mahali pa mwili palipo laini kuliko pote. Taru hakuna unyevu, lakini kuna vumbi jekundu, na kuna mchwa, na karatasi kwa mchwa ni biriani. Nge naye hupenda mahali penye giza pasipoguswa. Mende ndio wa kila mahali. Hutoka katika shimo la maji machafu na miguu yao, wakalala ndani ya kile kijibomba cha katikati.

Juu ya tangi, mahali anapopendwa mwanasesere, pana ubaya wake pia. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani walimulika kwa miale ya leza choo cha umma kisicho na kifuniko, wakaona matone madogo yakirushwa juu kila kinapovutwa, yakifika kimo cha mita moja na nusu katika muda wa sekunde 8. Baadhi ya watu waliposikia hayo walikimbilia kufunga vifuniko; mwaka 2024 wengine kutoka Arizona wakaonyesha kwamba kufunga kifuniko hakuzuii virusi kusambaa, kwani hewa hupenya pembeni, na kwamba kinachosaidia ni kusafisha choo kwa dawa. Sitaki kukutisha. Sijasoma popote kwamba mtu ameugua kwa sababu ya tishu iliyokuwa juu ya tangi. Lakini gauni la uzi hunyonya matone hayo yote, hukusanya vumbi, na nakuomba uniambie kwa dhati ya moyo wako: hili la kwako lilifuliwa lini mara ya mwisho?

Nimeuliza swali hilo katika nyumba saba za marafiki. Sita walicheka. Wa saba alilivua palepale akalitia kwenye beseni la sabuni, na maji yalivyokuwa sitaeleza hapa, huenda unasoma ukinywa chai.

Basi tuweke wapi? Mimi sipingi pambo, tena nasema waziwazi kwamba msala uliopambwa huoshwa mara nyingi zaidi kuliko msala ulioachwa kama ghala. Mtu hutunza alichokipenda. Ninachodai ni kwamba pambo liseme lina nini ndani. Na kwa jambo hilo hatuhitaji kuiga mtu, kwa kuwa wanawake wa pwani ya kusini wanasuka miyaa na ukindu tangu hapo. Mwenye kujua kusuka mkeka, kawa na kikapu hashindwi na jamanda dogo lenye mfuniko, la kuingia tishu mbili au tatu. Msuko hupitisha hewa, kwa hiyo karatasi haivundi. Rangi zake ndizo zile za mikeka, zambarau na kijani na nyekundu, na ukilitundika kwa kamba kwenye msumari ule ule wa zamani, kimo cha bega la mtu aliyeketi, mende atapata tabu na maji ya kuoga hayatalifikia. Likichafuka linapigwa brashi, linaanikwa juani. Ukipenda kiondo cha mkonge cha Wakamba au kikapu cha Wataita, hewani sawa sawa. Mfuniko uwe wa kuinuliwa kwa mkono mmoja. Wa kufunga kwa vifundo usiutie msalani.

Kwa Taru, mahali pa vumbi na mchwa, jamanda halitoshi. Chukua ndoo ya plastiki ya mafuta ya kupikia, ile yenye mfuniko wa kubana, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kausha, mpe kijana achore anachotaka, hata huyo bibi arusi, mradi aandike kwa herufi kubwa KARATASI. Iweke juu ya kibao. Mgeni akisoma hatachekwa na mtu.

Usijaze. Nakumbuka Machi 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini tarehe 13, watu wenye magari walivyotoka madukani na mabunda ya tishu kama wanaofungua kioski, ilhali ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mapafu. Tishu mbili za akiba msalani zinatosha, na nyingine zikae kabatini pakavu. Siku ya arusi au matanga weka nne, na mtu mmoja apewe kazi ya kupita kutazama, kama vile anavyopewa mtu kazi ya kutazama sufuria.

Zile za rangi na manukato sizipendi, hasa kwa wanawake. Rangi na marashi huwawasha wengine, na anayewashwa hujikuna, na jeraha hufuata. Nyeupe isiyo na harufu inatosha, na wafundishe binti zako tangu wadogo kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu mkojo na haja kubwa havikupewa jirani mmoja bure bure. Vijidudu vya huku vikifika kule, kibofu kitalia.

Iwapo pesa ni chache, na ni nani ambaye pesa zake ni nyingi, sabuni itangulie pambo. Sikukuta sabuni katika msala wa shemeji. Kulikuwa na kioo, mwanasesere na chupa ya manukato ya kupuliza hewani, lakini kipande cha sabuni hapana. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi. Hilo limepimwa katika nchi nyingi, na halihitaji mashine. Kipindupindu kilichoanza nchini Oktoba 2022, baada ya sherehe ya arusi iliyofanyika Limuru, kilifika zaidi ya kaunti 20. Arusi, mpenzi msomaji. Chakula kingi, wageni wengi, mikono mingi.

Na pasipo na mfereji pana kibuyu chirizi: dumu la lita 3 au 5 lenye tundu dogo, limefungwa kamba inayovutwa kwa mguu kupitia kijiti, sabuni imening'inizwa pembeni. Maji hutoka uzi mwembamba, mikono haigusi chombo, na dumu moja hunawisha watu wengi kuliko beseni litakavyofanya. Likitundikwa nje ya mlango wa msala, kando ya jamanda la ukindu, sioni kigae cha kulishinda kwa uzuri.

Kopo nalo nina neno nalo, kisha nikuache. Mtu anajiosha kwa mkono wa kushoto, anashika kopo kwa mkono huo huo, kisha analichovya tena ndani ya pipa ambalo wote tutachota. Hapo sifa yetu ya watu wa maji inaingia doa. Pipa la msalani liwe na bomba dogo chini, au kuwe na kata ya kuchotea yenye mpini mrefu isiyoshikwa na mkono wa kujioshea, na birika la kujioshea likae peke yake. Mwenye birika la mdomo mrefu la bibi yake asiliweke kabatini kama ukumbusho. Liko tayari kwa kazi hiyo, na kwa pambo pia.

Wengine wataniambia mambo haya ni ya kusemwa na mwenye nyumba kwa mgeni, hayahitaji ndoo wala jamanda. Mwambie tu, "Karatasi iko pale." Ni kweli, na ningependa tuseme. Lakini nani aseme? Mkwe kwa mamamkwe? Mvulana kwa shangazi ya baba yake? Sisi hatuwezi hata kutaja pale mtu anapokwenda, tunasema anakwenda "haja," au "uani," au "mara moja." Jambo lisilosemeka ni heri lionekane.

Shangazi alitoka zahanati siku ya tatu, akarudi Msambweni akiwa amekaa kiti cha mbele cha matatu, hana la kusema. Mwezi uliofuata alimtumia shemeji kifurushi kupitia Likoni. Ndani yake mlikuwa na leso mpya jozi moja ya mke wa shemeji, na jamanda la miyaa la zambarau na kijani alilolisuka mwenyewe, lenye mfuniko na kitanzi cha kutundikia. Hakuandika barua. Nilipita Taru juzi nikienda Voi, nikaomba kwenda uani kwa makusudi. Jamanda lipo ukutani, tishu mbili ndani, sabuni chini yake kwenye kifuu cha nazi. Bibi arusi wa uzi amehamishiwa sebuleni juu ya televisheni, na gauni lake sasa halina kitu ndani, limenywea kidogo upande mmoja.